Manispaa Yenye Watu 193: Kalayaan na Siasa ya Kuhesabu Watu

Kila mwaka, ninapoanza kufundisha historia ya serikali za mitaa, huwauliza wanafunzi wangu swali moja kabla ya mengine yote: kipi hutangulia, watu au mipaka? Wengi hujibu bila kusita kwamba watu ndio hutangulia. Watu hukaa mahali, huongezeka, huhitaji shule, zahanati na barabara, na hapo ndipo serikali huwafuata kwa ramani, mhuri na diwani. Ndivyo vitabu vya uraia vinavyotufundisha, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini mwaka mmoja mwanafunzi aliyezoea kukaa nyuma ya darasa aliniuliza kama kuna mahali popote duniani ambapo serikali iliunda manispaa kwanza, kisha ikaanza kuwatafuta watu wa kuishi ndani yake. Sikuwa na jibu siku ile. Nilipolitafuta, lilinipeleka mbali, hadi katika Bahari ya Kusini ya China, kwenye manispaa ya Ufilipino iitwayo Kalayaan.

Kwanza neno manispaa lisitupotoshe. Sisi tumezoea kulitumia kwa maana ya mji uliokua. Ufilipino, manispaa ni ngazi ya serikali iliyo chini ya mkoa, yenye meya na baraza lake, iwe ya mjini, ya mashambani au ya visiwani. Chini yake kuna barangay, ngazi ndogo kuliko zote, inayokaribiana na mtaa au kijiji chetu. Nchi nzima ina manispaa zipatazo 1,500 na barangay zaidi ya 42,000. Sensa ya tarehe 1 Mei 2020 ilihesabu watu 109,035,343 katika Ufilipino yote. Katika hao, Kalayaan ilikuwa na watu 193. Hakuna manispaa nyingine nchini humo yenye watu wachache kuliko hao. Wote wanahesabiwa chini ya barangay moja tu, ambayo jina lake ni Pag-asa.

Majina hayo yana maana, na maana yake inagusa. Katika Kitagalogi, kalayaan ni uhuru na pag-asa ni tumaini. Tuna basi manispaa iitwayo Uhuru yenye mtaa mmoja uitwao Tumaini. Msomaji atakayevumilia hadi mwisho wa makala haya ataona kwamba uhuru huo ulitangazwa na dikteta, na kwamba tumaini hilo hadi leo linasubiri meli ya kuleta mchele.

Tuanze na jiografia. Kalayaan ni sehemu ya mkoa wa Palawan, mkoa mrefu na mwembamba ulio magharibi ya Ufilipino. Kutoka Puerto Princesa, makao makuu ya mkoa, hadi kisiwa cha Pag-asa ni takriban kilomita 480 za bahari iliyo wazi. Kwa meli, safari huweza kuchukua siku mbili au zaidi kutegemea upepo na mawimbi, na zipo nyakati ambapo bahari huchafuka hata hakuna chombo kinachothubutu kung'oa nanga. Ramani za kimataifa huviita visiwa hivi Spratly. Ni mtawanyiko wa visiwa vidogo, matuta ya mchanga na miamba ya matumbawe, mingi yake ikifunikwa kabisa maji yanapojaa na kuchomoza yanapokupwa. Ufilipino inashikilia sehemu tisa katika mtawanyiko huo, na nyingi kati yake hazina mkazi mwingine isipokuwa askari wachache wa zamu. Katika mwamba mmoja, uitwao Ayungin, askari hao huishi ndani ya meli kuukuu ya kivita iliyopandishwa juu ya matumbawe kwa makusudi mwaka 1999, nayo ipo pale hadi sasa ikila kutu.

Pag-asa ndicho kisiwa pekee cha manispaa hii chenye jamii ya raia. Eneo lake ni hekta 37.2, yaani viwanja vya mpira vipatavyo hamsini vikipangwa pamoja. Hata hivyo kwa kipimo cha Spratly hicho ni kisiwa kikubwa: miongoni mwa visiwa vya asili ni kimoja tu kinachokizidi, nacho ni Itu Aba, kinachoshikiliwa na Taiwan. Ardhi ya Pag-asa imeinuka mita chache tu juu ya bahari. Njia ya kurukia ndege, iliyojengwa katika miaka ya 1970 na yenye urefu wa mita zipatazo 1,300, inakikata kisiwa kutoka ufuko hadi ufuko. Pembezoni mwa njia hiyo ndipo zilipo nyumba, kambi, shule na ofisi ya manispaa. Mpangilio huu wa ardhi peke yake unatuambia mengi, kwa maana uwanja ulijengwa kwanza na nyumba zikaja kubanwa kandokando yake miongo kadhaa baadaye.

Ilikuwaje basi mahali kama hapa pakawa manispaa? Historia yake haianzi Manila. Mwaka 1933 Ufaransa, iliyokuwa ikitawala Indochina, ilitangaza kuvimiliki baadhi ya visiwa hivi. Mwaka 1939 Japani ikavitwaa na kuviweka chini ya utawala wake wa Taiwan. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Japani iliachia madai yake kwa Mkataba wa San Francisco wa 1951, lakini mkataba huo haukutaja nani anakabidhiwa. Ni kama mzee aliyegawa mali yake mbele ya mashahidi, akalitaja shamba moja kuwa si lake tena, kisha akanyamaza. Warithi wamekuwa wakigombana juu ya kimya hicho tangu siku ile.

Katika kimya hicho akaingia raia mmoja, Tomás Cloma, Mfilipino aliyekuwa mwanasheria, mfanyabiashara na mwenye chuo cha mafunzo ya ubaharia. Mwezi Mei 1956 Cloma alitangaza kwamba yeye na wenzake wamevipata visiwa visivyo na mwenyewe, akaviita Freedomland, Nchi ya Uhuru. Alimtuma ndugu yake Filemon na mabaharia wapatao 40 wakasimamishe bendera na mabango. Serikali ya Manila haikumkumbatia wala haikumkana waziwazi. Taiwan haikusubiri, bali ilipeleka manowari na kurejesha askari wake Itu Aba mwaka uleule. Ndoto ya Cloma ya kuwa mwanzilishi wa nchi ikafifia, lakini jina alilolichagua halikufa. Kalayaan ni tafsiri yake.

Aliyeifufua ndoto hiyo ni Rais Ferdinand Marcos, kwa namna yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 askari wa Ufilipino walikwisha kutua Pag-asa na visiwa vingine kadhaa. Mwezi Septemba 1972 Marcos alitangaza sheria ya kijeshi nchi nzima. Mwaka 1974 Cloma, akiwa mzee, alikamatwa na kuwekwa kizuizini, kisha akatia saini hati ya kuikabidhi serikali madai yake yote kwa bei ya peso moja. Wanafunzi wangu hucheka wanapoisikia bei hiyo. Huwakumbusha kwamba bei ya mali inayouzwa na mtu aliye kizuizini haina uhusiano wowote na thamani ya mali hiyo.

Tarehe 11 Juni 1978, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru wa Ufilipino, Marcos alitia saini Amri ya Rais namba 1596. Amri hiyo ilichora mipaka baharini kwa nyuzi za latitudo na longitudo, ikatangaza kwamba eneo lililo ndani yake ni la Ufilipino, na ikalifanya kuwa manispaa inayojitegemea ndani ya mkoa wa Palawan. Sababu zilizotolewa ni usalama, ukaribu, mahitaji ya taifa na ukweli kwamba majeshi yalikuwa tayari yanalishikilia eneo hilo. Nimeisoma amri hiyo mara kadhaa nikitafuta watu ndani yake. Hakuna wakulima, wavuvi, wazazi wala watoto. Na kwa kuwa hapakuwa na wa kupiga kura, amri ilielekeza kwamba hadi viongozi watakapochaguliwa na hali ya hatari ikiendelea, uongozi wa manispaa utakuwa mikononi mwa Waziri wa Ulinzi au maofisa wa kiraia au wa kijeshi ambao Rais atawateua. Mwanafunzi wangu wa nyuma ya darasa alipata jibu lake hapo.

Siku ileile Marcos alitia saini amri nyingine, namba 1599, iliyotangaza ukanda wa kiuchumi wa bahari wa Ufilipino hadi maili 200 kutoka pwani. Amri hizi mbili ni lazima zisomwe pamoja. Ya kwanza ilitwaa miamba, ya pili ikatwaa maji, samaki na chochote kilicho chini ya sakafu ya bahari. Dunia ilikuwa imetoka kwenye mshtuko wa bei ya mafuta wa 1973, na mwaka 1979 mafuta yalianza kuzalishwa kibiashara katika eneo la Nido, nje ya pwani ya Palawan. Hapo thamani ya tuta la mchanga ilibadilika. Ardhi yake ilikuwa haitoshi hata kulima mihogo ya familia kumi, ila huenda maji yanayoizunguka yakawa na utajiri wa kulisha taifa.

Hapa kisa hiki cha mbali kinatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ambayo wengi hawaijui. Wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari halikuzaliwa Manila wala Beijing. Miongoni mwa waasisi wake wakuu alikuwa mwanasheria Mkenya, Frank Njenga, aliyelitetea mbele ya kamati ya kisheria ya nchi za Asia na Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1972 Kenya ikaliwasilisha pendekezo hilo rasmi katika kamati ya Umoja wa Mataifa. Shabaha ilikuwa haki: mataifa machanga yasikae ufukoni yakitazama meli kubwa za uvuvi za nchi tajiri zikikomba samaki mbele ya macho yao. Wazo hilo liliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1994. Lilikuwa wazo jema, na bado ninaliona hivyo. Lakini pia lilikipa kila kisiwa kidogo duniani bei mpya, na kuzipa serikali sababu mpya ya kuwatafuta watu wa kukaa humo.

Sababu hiyo inatokana na ibara ya 121 ya mkataba huo. Kisiwa hupata maji yake kama nchi kavu nyingine. Mwamba usioweza kubeba makazi ya binadamu au maisha ya kiuchumi ya peke yake haupati ukanda wa kiuchumi. Huishia kwenye bahari ya kitaifa ya maili 12. Ni sentensi fupi, lakini kwa sentensi hiyo idadi ya watu iliacha kuwa jambo la sensa tu ikawa ushahidi unaoweza kupelekwa mahakamani.

Sasa tuwatazame watu wenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya amri ya 1978, waliokaa Pag-asa walikuwa hasa askari. Raia walianza kupelekwa kuishi huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuvutiwa na misaada ya serikali: chakula, nyumba, ajira katika ofisi ya manispaa. Hesabu za sensa zinaonyesha jinsi makazi hayo yalivyo. Mwaka 2007 walihesabiwa watu 114, mwaka 2010 watu 222, mwaka 2015 watu 184, mwaka 2020 watu 193. Mtaalamu yeyote wa takwimu za watu ataona mara moja kwamba mchoro huu hautokani na uzazi wala vifo. Jamii ya kawaida haiongezeki karibu maradufu ndani ya miaka mitatu, kisha ikapungua kwa karibu humusi moja ndani ya mitano. Hesabu hii hupanda na kushuka kwa kufuata ratiba za meli, bajeti na sera.

Fikirini pia habari ya shule. Hadi mwaka 2012 kisiwa hakikuwa na shule, na familia yenye mtoto wa kusoma ililazimika kuhama au kugawanyika, mama na watoto wakaishi Palawan na baba akabaki kisiwani. Mwezi Juni mwaka huo shule ikafunguliwa katika jengo la muda lenye watoto wachache. China ilipinga, ikiona kwamba darasa la chekechea ni hatua ya kujiimarisha katika eneo linalogombaniwa. Ninawaomba walimu wanaosoma makala haya watafakari jambo hilo. Mtoto wa miaka mitano anajifunza kushika kalamu, na serikali mbili zinabishana juu ya maana ya kisheria ya kalamu hiyo.

Kwa watumishi wa serikali za mitaa, kuna upande mwingine wa kuvutia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Ufilipino ya mwaka 1991 inataka manispaa mpya iwe na wakazi wasiopungua 25,000, eneo la kilomita za mraba 50, na wastani wa mapato ya peso milioni 2.5 kwa mwaka. Kama Kalayaan ingeomba kuanzishwa leo kwa sheria hiyo, isingekaribia hata robo ya sharti la wakazi. Aidha, sheria hiyohiyo inagawa fungu la manispaa kutoka kodi za taifa kwa kanuni ya sehemu tatu: asilimia 50 kwa idadi ya watu, asilimia 25 kwa ukubwa wa ardhi, na asilimia 25 kwa mgao sawa kwa wote. Kwa watu 193, nusu ile ya kwanza ni kama hakuna. Miongoni mwa vinavyoiwezesha manispaa hii kulipa mishahara ni mgao ule wa usawa, ambao haumuulizi mtu ana raia wangapi. Sehemu ya shughuli zake huendeshwa kutoka ofisi iliyo Puerto Princesa, kilomita 480 kutoka barangay yake pekee.

Umbali huo hauna ukiwa wa kutosha kuwaletea amani. Takriban kilomita 25 kutoka Pag-asa upo mwamba wa Subi, ambao Wafilipino huuita Zamora. Kwa asili yake ni mwamba unaofunikwa maji yanapojaa. Kuanzia mwaka 2014 China iliujaza mchanga na zege, ikajenga juu yake kituo chenye uwanja wa ndege wenye njia ya kilomita zipatazo tatu, na usiku taa zake huonekana kutoka Pag-asa. Ufilipino ilipoanza kujenga gati la kuteremshia mizigo Pag-asa, lililokuja kufunguliwa Juni 2020, meli za China zilimiminika karibu na kisiwa. Serikali ya Manila ilisema kwamba kati ya Januari na Machi 2019 peke yake zilionekana zaidi ya 200. Mvuvi wa Pag-asa, aliyeletwa ili uwepo wake uthibitishe kwamba bahari ni ya nchi yake, akajikuta hawezi kuvua kwa utulivu katika bahari hiyohiyo.

Na Ufilipino haiko peke yake katika mtindo huu wa kutawala kwa karatasi. Kwenye makabati ya Vietnam, visiwa hivi ni sehemu ya mkoa wa Khánh Hòa. Taiwan inavihesabu chini ya jiji la Kaohsiung. Mwaka 2012 China ilianzisha mji wa Sansha, wenye makao yake katika visiwa vya Paracel, na ikaviweka visiwa hivi chini yake. Hivyo tuta lilelile la mchanga lina mafaili katika ofisi nne za serikali za mitaa, za mamlaka nne tofauti. Ofisi ya mtaa, ambayo sisi huifikiria kuwa mahali pa kuomba hati ya kuzaliwa au kulalamikia bomba lililopasuka, imegeuzwa kuwa silaha ya mambo ya nje.

Kilele cha kisa hiki kilifika tarehe 12 Julai 2016. Ufilipino ilikuwa imeishitaki China mwaka 2013 chini ya Mkataba wa Sheria ya Bahari. China ilikataa kushiriki. Jopo la wasuluhishi watano, likiongozwa na jaji Thomas Mensah wa Ghana, liliulizwa pamoja na mengine kama kuna sehemu yoyote ya Spratly inayostahili ukanda wa kiuchumi. Hapa ndipo mawakili wa Ufilipino walipolazimika kutetea hoja ya ajabu. Ili kuizuia China isidai maji ya maili 200 kutokana na miamba hii, walipaswa kuonyesha kwamba hakuna hata kimoja kati ya visiwa hivi kinachoweza kubeba makazi ya binadamu kwa nguvu zake chenyewe. Kipimo kikuu kilikuwa Itu Aba, kilicho kikubwa kuliko vyote. Taiwan ikashtuka. Januari mwaka ule rais wake, Ma Ying-jeou, alikizuru kisiwa hicho, na miezi miwili baadaye waandishi wa habari wakapelekwa kuona visima na mashamba, ili dunia ijue kwamba mtu anaweza kuishi pale.

Wasuluhishi walikubaliana na hoja ya Ufilipino. Walisema makazi ya binadamu si kule kuwapo kwa watu tu. Ni lazima pawe na jamii tulivu ya watu ambao pale ni kwao, na kisiwa kiwe na uwezo wa asili wa kuwategemeza bila kulishwa kutoka nje. Maofisa na askari wanaopelekewa kila kitu kwa meli hawathibitishi lolote. Wavuvi waliopita huko enzi za nyuma, wakiwemo wa Hainan, walikuwa wapitaji. Kampuni za Kijapani zilizochimba mbolea ya kinyesi cha ndege zilichimba zikaondoka. Jopo likatahadharisha kwamba iwapo watu wa kupandikizwa wangekubaliwa kuwa ushahidi, kila nchi ingeshawishika kupandikiza. Kwa hiyo visiwa vyote vya Spratly, Itu Aba na Pag-asa vikiwemo, kisheria ni miamba. Jopo halikuamua ni nani mwenye miamba hiyo, kwa kuwa hilo halikuwa ndani ya mamlaka yake. China iliukataa uamuzi huo, na bado inaukataa.

Ulikuwa ushindi mkubwa wa Ufilipino, na sina nia ya kuubeza. Lakini tuusome kutoka ufukoni mwa Pag-asa. Raia wale walipelekwa kule ili maisha yao yawe hoja. Kisha nchi yao ikashinda kesi kwa hoja kwamba mahali wanapoishi hapawezi, kwa nguvu zake penyewe, kubeba maisha ya watu. Sikusudii kusema kwamba kuna aliyedanganya. Sheria ina maana zake, na maana ya makazi mbele ya wasuluhishi si ile ya mama anayepika wali kwenye nyumba ya mbao karibu na njia ya ndege. Ninachosema ni kwamba maana hizo mbili zilipogongana, hakuna aliyemuuliza mama huyo.

Najua wapo watakaonijibu kwamba bila raia hao serikali isingejenga shule wala gati, na kwamba wapo wakazi wanaojivunia kukaa pale na wasiotaka kuhamishwa. Wana haki kusema hivyo. Mtu anaweza kulipenda eneo ambalo alipelekwa kwa sababu za watu wengine. Watoto waliozaliwa na kukulia kando ya njia ile hawajui kwao kwingine. Wengi wetu, tukifuatilia historia za vijiji tulivyotoka, tutakuta kwamba babu zetu walihamishwa na mtu fulani kwa sababu fulani, na bado tunapaita kwetu bila kusitasita. Kwa hiyo swali langu si kama raia wa Kalayaan wangepaswa kuwa pale. Wako pale. Swali ni haki zao zinatokana na nini.

Nalo hunirudisha darasani. Huduma ikitolewa kwa sababu mpokeaji ana faida kwa dola, huduma hiyo hukoma faida ikikoma. Shule iliyojengwa ili kuonyesha uwepo inaweza kufungwa siku uwepo utakapoonyeshwa kwa kamera na ndege zisizo na rubani. Mchele unaoletwa kwa ajili ya bendera utaacha kuletwa siku bendera itakapopata nguzo nyingine. Raia aliye salama ni yule ambaye serikali inamhudumia kwa kuwa ni raia, awe katika mtaa wa watu elfu hamsini au katika barangay ya watu 193, awe na faida kwa ramani au asiwe nayo. Katika kanuni ile ya kugawa fungu la kodi, nimevutiwa na robo moja tu, ile ya mgao sawa. Pengine aliyeiandika alitaka tu kurahisisha hesabu, lakini ndilo fungu pekee ambalo halimpimi mtu kwa wingi wa wenzake wala kwa upana wa ardhi aliyoikalia.

Ninyi mnaofanya kazi katika ofisi za mipango na takwimu, mnaoandika idadi ya wakazi kwenye fomu kisha mkazituma makao makuu, naomba mkumbuke Kalayaan kila mkutanapo na namba ndogo isiyotulia, inayopanda na kushuka bila sababu ya kuzaliwa wala kufa. Ulizeni ni nani anaihitaji namba hiyo, na kwa kazi gani. Na ninyi wanafunzi na wanaharakati, mnapoona serikali yoyote ikihimiza watu wakaishi mahali pagumu kwa jina la taifa, ulizeni kama imewaahidi pia shule ya sekondari, daktari, na meli ya kuwarudisha watakapotaka kurudi.

Mwanafunzi wangu alipomaliza kunisikiliza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, sasa watoto wale wakimaliza shule wataenda wapi?" Nilimwambia hilo lilikuwa swali bora kuliko langu, na tangu siku ile ndilo ninaloanza nalo somo.